DNA haipigwi fotokopi

Nimesahihisha rundo jingine la karatasi za wanafunzi kuhusu jinsi DNA inavyonakiliwa kabla seli haijagawanyika, na lile jibu limo tena: "DNA ya zamani hubaki kwenye seli mama, nakala mpya huenda kwenye seli mtoto." Kwanza, seli mama haibaki popote; yenyewe ndiyo inayogeuka seli mbili. Pili, hakuna fotokopi hapa: DNA ya zamani haibaki nzima huku nakala mpya kabisa ikitoka pembeni.

Kimeng'enya kiitwacho helikasi huachanisha nyuzi mbili za DNA, na kila uzi mkongwe huwa kiolezo cha uzi mpya: katika besi, yaani herufi za DNA, adenini hushikana na thaimini, guanini hushikana na sitosini. Zinapatikana molekuli mbili, kila moja ina uzi mmoja mkongwe na mmoja mpya. Si suala la kubishania. Mwaka 1958 wanasayansi Meselson na Stahl walikuza bakteria kwenye nitrojeni nzito, ile ya 15, kisha wakawahamishia kwenye nitrojeni ya kawaida, ya 14. Baada ya kizazi kimoja waliizungusha DNA yao kwa kasi kubwa ili ijitenge kwa uzito. Ingekuwa fotokopi, ingeonekana mikanda miwili, mzito na mwepesi. Ulionekana mmoja tu, wa katikati. Kizazi cha pili: nusu ya katikati, nusu nyepesi. Kwa hiyo chukua kalamu za rangi mbili uchore raundi mbili, tafadhali, si moja. Wanaochora moja ndio haohao wanaonirudia na fotokopi.

"Polimerasi hufanya kila kitu." Hiki ni kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, lakini hakiwezi hata kuanza bila kipande kifupi cha RNA kinachowekwa na kimeng'enya kingine, praimasi. Tena hujenga kwa mwelekeo mmoja tu, ndiyo maana uzi mmoja hutoka vipandevipande, viitwavyo vipande vya Okazaki, hadi kimeng'enya cha kuunga, ligasi, kiviunge.

"Hutokea wakati wa mitosisi." Hapana. Mitosisi ni kugawanyika kwa kiini cha seli; DNA hunakiliwa kabla yake, katika hatua iitwayo S.

"Huanzia ncha moja ya kromosomu hadi nyingine." Piga hesabu basi. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi karibu milioni 249, na kasi ni takriban besi 50 kwa sekunde: ungengoja kama miezi miwili. Seli humaliza kwa saa 8 hivi kwa sababu kazi huanzia sehemu nyingi kwa pamoja, kila sehemu ikienda pande zote mbili.

Na mabadiliko ya DNA si lazima yaletwe na mionzi au sumu. Polimerasi yenyewe hukosea, ikajisahihisha, na mara chache kosa likapita.