Tani nne za kwenye karatasi, na zile zinazoinuka Mwanza

Ukisoma orodha za helikopta kubwa za biashara, utakuta idadi tu: kampuni hii inazo kumi, ile ishirini. Anayetaka kukodi haimsaidii. Ulizia zimeruka saa ngapi, na ndani ya saa hizo zimetua au kuinua mzigo mara ngapi.

S-92, helikopta ya Marekani, inayobeba abiria 19 kwenda visima vya mafuta baharini inaweza kumaliza saa nzima angani ikatua mara moja. Ka-32, ya Kirusi, inayovuta magogo mlimani, ndani ya saa hiyohiyo, huinua na kushusha mara nyingi, na kila mara gia na kichwa cha mapanga (mabawa marefu yanayozunguka juu) hubanwa na kuachiwa. Ndiyo maana vipuri vingine vina ukomo wa saa, vingine wa mizunguko, yaani mara za kuinua na kutua. Ndege yenye saa chache si lazima iwe changa.

Halafu kuna zinazohesabiwa lakini haziruki. Aprili 2016, H225, helikopta ya Airbus, ilipoteza mapanga yake makuu angani karibu na Turøy, Norway. Watu 13 walikufa. Chanzo kilikuwa ufa wa uchovu wa chuma kwenye gia ndani ya giaboksi kuu. Norway na Uingereza zilizuia aina hiyo hadi Julai 2017, S-92 zikabeba kazi. Kwa Mi-8MTV na Mi-171, helikopta za Kirusi zilizozoeleka kwenye kazi za misaada Afrika, tatizo ni vipuri na matengenezo makubwa tangu vikwazo dhidi ya Urusi vya 2022. Aina hizo zilipendwa kwa sababu za msingi kabisa: mlango mpana wa nyuma, uwezo wa kujiwasha bila mashine ya uwanjani, na vichujio vya vumbi mbele ya injini (ukiviwasha vinakula nguvu kidogo, usisahau).

Sasa tuje Ziwa Victoria. Kipeperushi cha Mi-8MTV kinasema kilo 4,000 ndani, uzito wa juu kabisa wa kuruka kilo 13,000. Uwanja wa Mwanza uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha hewa wanachotumia marubani, kimo hicho kingekuwa na joto la nyuzi 7 au 8. Mchana wa nyuzi 30, mapanga na injini hufanya kazi kana kwamba ziko karibu mita 1,950. Kwa hiyo rubani hasomi kipeperushi, anasoma chati ya uzito unaoruhusiwa kwa kimo na joto la siku hiyo.

Tuseme chati imemruhusu kuruka na jumla ya kilo 11,800. Toa ndege tupu yenye vifaa, 7,400, na wahudumu watatu, 270. Tuseme anakwenda Bukoba, kama kilomita 175 kwa anga, dakika 48 kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa. Kama hakuna uhakika wa mafuta kule, beba ya kwenda, kurudi na nusu saa ya akiba: kwa kilo 700 kwa saa, yanafika 1,470. Mzigo unaobaki ni kilo 2,660. Boya la dharura na makoti ya kuokolea, ambavyo juu ya maji mapana mimi singevifanyia mjadala, vinatoka kwenye hizohizo. Ukiruka alfajiri kuna baridi na kilo zinaongezeka, ila radi za ziwani hupenda usiku na mapema asubuhi, kwa hiyo angalia mawingu kabla ya kufurahia hesabu.

Kutua mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, ni balaa jingine. Upepo wa chini ya ndege ya tani 12 unang'oa bati lililolegea na kuzoa dagaa wote walioanikwa mchangani. Chagua uwanda mgumu mbali na chanja na mitumbwi, umwagie maji, uondoe maturubai na nyavu. Wavu ukinyonywa kwenye mapanga, safari imeisha. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo injini hazihitaji kuoshwa kila siku kama za baharini. Mawingu ya visubi vya ziwani, hata hivyo, huchafua kioo na kuziba mirija ya kupimia mwendo: vifuniko viwekwe mara ndege inapozimwa.

Kwenye mkataba, soma vipengele viwili kabla ya bei: saa za chini unazolipia kila mwezi hata ndege ikilala, na nani analipa saa za kuileta Mwanza kutoka kituo chake.