Hakiandiki, kwa hiyo?

Juzi tena. Kijana kanimwagia visanamu vya zamani vya askari, vya metali, mezani, hapa kwangu Mwanga, Kigoma, akasugua kimoja kwenye risiti: "Ona mzee, hakiandiki. Hakina madini ya risasi, basi ni orijino." Wa tatu mwezi huu! Makosa mawili kwa pumzi moja.

Risasi tupu, kama ile ya kuzamishia nyavu za wavuvi pale Kibirizi, huacha mstari wa kijivu kwa kuwa ni laini. Visanamu vya zamani ni mchanganyiko: risasi, bati, na antimoni, metali ya kukaza. Karatasi hunyamaza, risasi imo.

Mimi ni sonara, naamini mizani. Glasi ya maji juu yake, rudisha sifuri, ning'iniza kisanamu kwa uzi kizame bila kugusa glasi. Namba inayopanda ni uzito wa maji kiliyosukuma. Cha kijana kikavu kilikuwa gramu 14.20, maji 1.60. Gawanya: 8.9, yaani ni kizito mara 8.9 kuliko maji ya ujazo uleule. Bati ni 7.3, risasi 11.3. Wajuaji huchukua wastani, wanasema nusu kwa nusu ni 9.3. Sivyo! Ukichanganya kwa uzito, bati hujaza nafasi kubwa zaidi, unapata hiyohiyo 8.9.

Hata hivyo siapi. Kiputo kikijificha kwapani mwa askari, 1.60 inakuwa 1.65 na jibu linashuka hadi 8.6. Bismuthi nayo, metali nyingine ya 9.8, inaweza kupandisha jibu bila chembe ya risasi. Mashine ya eksirei ya kupimia metali ingesaidia, ila nayo husoma juujuu, na rangi ya zamani huenda ina risasi yake.

Sasa hilo la orijino. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vingi vya Marekani na Uingereza vilitumia risasi. Ukiuziwa askari "wa 1985" ambaye ni bati tupu, huyo ndiye wa kutiliwa shaka! Feki itafute kwa venia, kile kipimo cha kubana cha kusoma vipande vya milimita: aliyetengeneza kalibu kwa kubana kisanamu halisi hupata nakala iliyosinyaa kidogo, vifungo vya koti vimefifia.

Nikiwa bado naeleza, kijana akainua kimoja chenye unga mweupe miguuni, akavuta pumzi apulize. Nikamdaka mkono. Huo unga ni risasi iliyoliwa na hewa, sumu hiyo, mwanangu. Kitambaa chenye maji, kisha sabuni.