Kwa nini barabara isiyo na mashimo humwagiwa lami na kokoto upya

Kila kiangazi wananchi wa Arusha na Moshi hutuuliza swali lilelile: kwa nini mafundi wanamwaga lami na kokoto kwenye barabara isiyo na hata shimo moja, ilhali ya mtaa wa pili imeharibika? Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye maji.

Lami iliyopigwa na jua kwa miaka mingi hukakamaa na kupasuka nyufa nyembamba ambazo dereva hazioni. Masika yanapoingia mwezi Machi, maji hupenya humo hadi kwenye tabaka la msingi, ambalo likilowa hulegea, na malori yanapopita juu yake shimo huanza. Tabaka jembamba la lami na kokoto huziba njia hiyo ya maji na kurudisha ukwaru unaoshika matairi. Haliongezi nguvu ya barabara. Barabara iliyokwisha kutitia, au iliyopasuka kama gamba la mamba, haiponi kwa dawa hii. Hiyo ni ya kufumua na kujenga upya, kwa gharama kubwa zaidi. Ndiyo sababu tunaiwahi ile iliyo nzima.

Kabla ya kumwaga chochote, sehemu zenye kasoro huzibwa kwa viraka na uso wa barabara hufagiliwa. Lami hunyunyizwa kwa kipimo, mara nyingi kati ya lita 1 na 2 kwa mita ya mraba kulingana na ukubwa wa kokoto na hali ya uso wa zamani, kisha kokoto za saizi moja, kwa mfano milimita 10 au 14, hutandazwa papo hapo na kushindiliwa kwa mtambo wa matairi ya mpira, kwa kuwa gurudumu la chuma huweza kuzivunja. Adui mkubwa ni vumbi. Kokoto yenye vumbi haishikani na lami, kama vile unga ulionyunyizwa kwenye kibao cha chapati unavyozuia donge lisinate; kwa hiyo kokoto huoshwa, au hupakwa lami kidogo mapema.

Hali ya hewa nayo ina amri yake. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, huwa na asubuhi za baridi mwezi Juni na Julai, na lami ya moto hupoa kabla kokoto hazijazama, hivyo ni lazima kusubiri jua lipande. Moshi, iliyo chini zaidi, hutupa saa nyingi za kazi.

Siku chache za mwanzo magari yenyewe huendelea kuzishindilia kokoto, mradi yaende polepole. Anayekimbia huzing'oa, huvunja vioo vya wenzake na kumhatarisha mwendesha bodaboda anayepiga breki juu ya kokoto zilizolegea. Kokoto chache kubaki pembeni ni kawaida, nazo hufagiliwa baadaye. Lakini zikiendelea kung'oka baada ya wiki kadhaa na kuacha mabaka meusi yanayong'aa, tafadhali toeni taarifa kwa wakala wa barabara wa serikali: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za mitaani na vijijini.