Kuanika blanketi juani hakutoshi

Mbeya na Iringa wazazi wengi huamini kuwa blanketi likianikwa juani, mtoto mwenye aleji amepona chafya. Jua hukausha, lakini utitiri wa vumbi, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, hujificha ndani ya nyuzi za kitambaa, na hata ukifa, kinyesi chake kinabaki. Hicho ndicho hasa kinachowasha pua na macho.

Kinachohitajika ni maji ya moto, walau nyuzi joto 60 za Selsiasi, kila wiki. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, kwa hiyo bado yanatosha. Changanya ndoo mbili za yaliyochemka na moja ya baridi, tumbukiza shuka na foronya, geuza kwa mti, uache nusu saa. Watoto wakae mbali na beseni. Blanketi la sufi usilitie humo, litasinyaa. Lifue kwa maji ya baridi na kulisuuza sana, maana hata hayo huondoa sehemu kubwa ya kinyesi.

Na kufagia kukavu? Kunarusha vumbi hewani. Deki kwa kitambaa chenye unyevu, mtoto akiwa nje.