"Jump" si kuruka tu

Noah ilikuwa imezimika kando ya barabara ya Mikindani, abiria wameshuka wanajipepea chini ya mwembe. Dereva alijua tatizo: betri haina moto, apate gari jingine abusti, safari iendelee. Nyaya alikuwa nazo, mpya, bado ziko kwenye boksi. Aliyemkwamisha ni kondakta wake, kijana wa kidato cha nne, ambaye alishika maelekezo ya Kiingereza yaliyokuja na zile nyaya na alikuwa ameyapitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Akaniona nashuka kwenye bajaji.

"Shikamoo mwalimu. Tusaidie hapa. Wanasema turuke gari."

"Marahaba. Mruke gari?"

"Ndivyo ilivyo hapa. Ruka gari lililokufa kwa kutumia gari zima."

Mama mmoja mtu mzima akadaka hapohapo: "Njomba, mkianza kuruka magari nirudishieni nauli yangu, mimi naenda na bodaboda."

Ninafundisha Kiingereza na tafsiri katika chuo kimoja hapa Mtwara. Sehemu ya kazi yangu, ambayo haimo kwenye ratiba, ni kupokea watu wenye karatasi: mkataba wa kazi melini, fomu ya masomo ya nje, maelekezo ya mashine. Neno "jump" hujitokeza humo mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, na swali huwa lilelile: maana yake nini? Siku hizi sijibu mpaka mtu anisomee sentensi nzima. Nataka kujua nani anaruka, na ni neno gani dogo limekaa nyuma ya hilo "jump".

Kwa Noah ile, kilichokuwa kinaruka ni umeme. Mwingereza huona moto ukivuka kutoka betri moja kwenda nyingine, naye husema amelirusha gari, kwa hiyo nyaya zikaitwa "jump leads" Uingereza na "jumper cables" Marekani. Sisi tunasema kubusti, basi. Lakini maelekezo yale yalistahili kusomwa, maana utaratibu wake una sababu. Waya mwekundu unaanzia kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili inakwenda kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi unaanzia kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ndiyo mafundi wengi wa barabarani huikosea: hairudi kwenye betri iliyokufa, inabanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari hilo lililokufa, mbali kidogo na betri. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche ikiruka karibu nayo inaweza kuilipua. Hapo, kwenye cheche, Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana kabisa: kwetu cheche inaruka, kwao "a spark jumps".

Gari liliwaka. Kijana akaniuliza kama "jumper" basi ni waya. Nikamwambia ndiyo, na pia ni sweta.

Nilikuwa simtanii. Uingereza "jumper" ni sweta la kawaida, lile wanalolitafuta watu wa Newala mwezi wa sita upepo wa uwanda wa juu unapoanza kuuma. Marekani neno hilohilo ni gauni lisilo na mikono linalovaliwa juu ya blauzi. Hakuna anayeruka katika nguo hizo. Wanaisimu wengi wanaihusisha "jumper" ya nguo na "jump" nyingine kabisa, lililokuwa jina la koti fupi, na wanaifuatilia kupitia Kifaransa hadi neno la Kiarabu "jubba". Sasa pita sokoni Mtwara mjini uangalie yale majuba ya kina mama yaliyotundikwa. Juba na "jumper" ni ndugu wa mbali waliopotezana, mmoja akaja kwetu kwa jahazi, mwingine akapitia Ulaya akarudi kama sweta la mtumba. Mimi hili hunifurahisha kila ninapolifikiria, na wanafunzi wangu wamechoka kulisikia.

"Jump" ya kuruka yenyewe si neno la kale sana. Ilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na huchukuliwa kuwa neno la mlio, kama sisi tunavyosema puu au chubwi, kwa kuiga kishindo cha miguu inapotua. Kabla yake walikuwa na "leap", ambalo ni ndugu wa neno la Kijerumani la kukimbia, na bado wanalo. Komba wa msitu wa Rondo kule Lindi, anayetoka shina hadi shina usiku, Mwingereza wa vitabu atamwandikia "leap". Mtoto anayeruka dimbwi la maji atamwandikia "jump".

Na hapa ndipo tunapodanganyana. Tunafundishwa darasa la tatu kwamba "jump" ni kuruka, tunaandika, tunapata vema. Hakuna anayetuambia kwamba kuruka nako kuna mambo yake. Ndege imeruka Mtwara saa nne asubuhi: hiyo kwa Kiingereza si "jump" hata kidogo, ni kupaa, na wao wana maneno mengine. Kunguru karuka, vilevile. Mwanafunzi karuka swali la tano, hiyo ni "skip". Mtu karukwa na akili, hapo hakuna mguu ulioinuka. Na yule uliyemkopesha hela mbele ya mashahidi, siku ya kudai akakuruka futi mia, usije ukamwandikia Mwingereza kwamba "he jumped me". Atapiga simu polisi. Mwingereza akisema watu "jumped me" maana yake walinivamia, pengine gizani, pengine na fimbo. Sentensi moja, kwetu ni kukanwa, kwao ni kipigo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye namna lugha mbili hizi zinavyozalisha maana. Kiingereza hakiligusi neno lenyewe, kinaliwekea kijineno nyuma: "jump at", "jump on", "jump in", "jump to". Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwenye mkia wa kitenzi. Ruka, rukia, rukiana, rukaruka, rusha, rushia, rushwa. Badili mkia na habari imebadilika: paka karuka, paka kamrukia panya, mtoto karushwa darasa, redio inarusha matangazo, tajiri kamrusha kibarua hela yake. Ila hiyo rushwa ya maofisini msiitie humo. Hiyo ni ya Kiarabu, haina undugu na kurusha, ingawa nakubali kwamba pesa yenyewe huwa inarushwa juu ya meza.

Kwa hiyo "jump at" ya nafasi ya kazi ni kuichangamkia. "Jump on" ya mtu aliyekosea ni kumjia juu. "Jump to conclusions" wengine wameanza kuiandika "kurukia hitimisho", nami huifuta kwa kalamu nyekundu kila ninapoiona, maana neno la kukurupuka lipo na lina nguvu kuliko hilo. Mtu akikushtua mlangoni ukasema kwa Kiingereza "you made me jump", hukuruka, umeshtuka. Na ile "jump through hoops", iliyotokana na wanyama wa sarakasi kurushwa ndani ya mapete, kila aliyewahi kufuatilia karatasi anaijua kwa jina lake halali: kuzungushwa. Njoo kesho, leta nakala tatu, aliyekuwa na muhuri katoka.

Kwenye mikataba mambo si ya kuchekea. Mtwara ni mji wa bandari, gati la kina kirefu lilianza kazi mwaka 1954, na vijana wetu wanaotafuta ubaharia hupewa karatasi zenye maneno "jump ship". Kijana mmoja aliniletea mkataba akiwa na amani kabisa. Alidhani anakatazwa kujirusha baharini kutoka melini, jambo ambalo hakuwa na mpango nalo. Maana yake ni baharia kushuka bandarini bila ruhusa ya nahodha na kutoroka, asirudi kazini. Yaani hata akishuka kwa ngazi polepole, mkononi ana mkoba, akienda zake mjini moja kwa moja, "he jumped ship". Anaweza kupoteza mshahara wake na kujikuta nchi ya watu bila kibali.

Angalia sasa uzuri wa lugha. Mwingereza anayeitoroka meli huruka. Mswahili anayeingia melini kwa kificho ili asafiri bure huzamia. Wote wawili hawajagusa maji. Mmoja karuka nje, mwingine kazama ndani, na meli ipo palepale inapakia korosho. Mwingereza hulitumia neno lake pia kwa anayehama kampuni au chama mambo yakiwa magumu. Katika siasa zetu kitendo hicho kina majina mengi, sitayaorodhesha.

Si kila tafsiri ya neno kwa neno ni mbovu, lazima niseme. "Jump bail" imeingia kwetu kama kuruka dhamana, na sasa kila mwandishi wa habari za mahakamani anaitumia, na msomaji anaelewa: mshitakiwa kaachiwa kwa dhamana, tarehe ya kesi haonekani. Anayepaswa kuielewa vizuri kuliko wote ni mdhamini, kwa sababu akiruka yule, huyu ndiye anayeitwa kueleza na anaweza kuamriwa kulipa kiasi alichosaini. Kuruka foleni nako kumekubalika. Lugha hupokea mgeni pale ambapo hakuna mwenyeji anayefaa zaidi, na sioni sababu ya kugombana nayo.

Kwa wakulima, eneo la hatari ni bei. Magazeti ya Kiingereza hupenda kuandika kwamba bei ya korosho "jumped". Neno hilo lina maana ya kupanda ghafla na kwa kiasi kikubwa. Kama imepanda kidogokidogo hawalitumii. Lakini tazama kijineno kinachofuata. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mtu angeweza kuandika kwamba bei "jumped to" 3,300, yaani imefika hapo. Angeandika "jumped by" 3,300, ingekuwa imeongezeka kiasi hicho juu ya ile iliyokuwepo, na watu wangekesha maghalani wakisubiri malipo ambayo hayapo. Kwetu ni "hadi" na "kwa". Nimewahi kuona tafsiri ya taarifa ya bei iliyochanganya hayo mawili, na aliyeitafsiri alikuwa mtu mwenye shahada.

Walimu wa michezo nao huniuliza. "High jump" ni kuruka juu, hilo halina shida. "Long jump" mashuleni tunaiita kuruka chini, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeirudisha kwenye Kiingereza kama "jump down", kana kwamba Mike Powell alipofikisha mita 8.95 mjini Tokyo mwaka 1991 alikuwa anashuka juu ya paa. Ipo pia "jump the gun", kuondoka kabla ya mlio wa bastola. Usain Bolt yalimkuta hayo kwenye fainali ya mita 100 kule Daegu mwaka 2011, akaondolewa asikimbie kabisa. Nje ya uwanja husemwa kwa yeyote anayetangulia jambo kabla ya wakati wake, mfano anayetangaza harusi kabla ya mahari kukubaliwa.

Mwaka mrefu, wenye siku 366, wao huuita "leap year", mwaka unaoruka, na wengi hudhani ni kwa sababu Februari imeongezewa siku. Kinachoruka ni tarehe. Mwaka 2022 tarehe 1 Machi ilikuwa Jumanne. Mwaka 2023 ikawa Jumatano, hatua moja mbele kama kawaida. Mwaka 2024, kwa sababu ya ile Februari 29, ikaangukia Ijumaa. Alhamisi ikarukwa.

Jioni ile nilipotoka kwenye Noah nilipita kijiweni Mikindani wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda. Mzee mmoja aliyekuwa amepata habari za gari la kurukwa aliniuliza kama kuna "jump" na kwenye drafti. Ipo, nikamwambia. Kete yako ikivuka ya mwenzako na kuiondoa, Mwingereza anasema "jump", na kwenye sheria zao kufanya hivyo ni lazima nafasi ikipatikana.

Mzee akatazama ubao. "Kwa hiyo Mzungu anaruka tu, hali?"

"Anakula, mzee. Ila anasema ameruka."

Akasogeza kizibo, akala mbili.