Waigbo machoni mwa wageni: yaliyosemwa na yaliyokuwa

"Waigbo hawakuwa na serikali." Hili ndilo kosa mama; mengine yamezaliwa humo. Maofisa wa Kiingereza waliingia kusini-mashariki mwa Nigeria na swali moja mdomoni: mfalme wenu nani? Sehemu nyingi hawakuonyeshwa mtu, basi wakaandika kwamba hapana utawala. Waigbo wenyewe wana msemo, *Igbo enwe eze*, Waigbo hawana mfalme, na hawausemi kwa aibu. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na umunna, yaani watu wa ukoo mmoja wa kiumeni, pamoja na wazee, marika na wenye vyeo vya ozo, yaani cheo cha heshima. Kulikuwa pia na umuada, mabinti wa ukoo walioolewa kwingine. Hao wakirudi nyumbani kusuluhisha ugomvi, kaka mtu ananywea. Nguvu za shangazi tunazijua. Hata hivyo, si kweli kwamba wafalme hawakuwapo kabisa: miji ya Nri na Onitsha ilikuwa nao.

Mwingereza alipomkosa mfalme, akamtengeneza. Aliandika hati, akampa mtu aliyemwona anafaa, mara nyingi asiye na uzito wowote kijijini, naye akawa chifu. Ndugu zetu wa Tanzania watawakumbuka maakida wa Mjerumani.

"Ghasia za Aba." Jina hili la uasi wa wanawake, lililochukuliwa kutoka mji wa Aba, bado limo vitabuni, na kwangu ndilo linaloudhi kuliko yote. Novemba 1929, kule Oloko, mwanamke aitwaye Nwanyeruwa alikuwa akikamua mafuta ya mawese. Akatokea mjumbe wa chifu wa hati, akamtaka ahesabu watu na mifugo yake. Wanaume walikuwa wameanza kutozwa kodi mwaka mmoja nyuma, baada ya kuhesabiwa vivyo hivyo, kwa hiyo alielewa mara moja kinachokuja. Akamuuliza: je, mama yako alihesabiwa? Wakashikana, mikono ya mama ikiwa bado na mafuta.

Habari ilisafirishwa kwa makuti ya michikichi, kutoka soko hadi soko. Maelfu ya wanawake walijitokeza na kufanya jambo walilolijua tangu zamani: "kumkalia" mwanamume. Unamzingira aliyekukosea nyumbani kwake, unamwimbia maovu yake, unagonga ukuta wake kwa mchi mpaka atubu. Hiyo ni adhabu yenye utaratibu wake, na mke wa mtu hakuhitaji ruhusa kuitoa. Zamu hii waliokaliwa ni machifu wa hati, na mahakama zao zikabomolewa. Askari walifyatua risasi, wakaua wanawake zaidi ya 50. Waigbo huviita *Ogu Umunwanyi*, Vita vya Wanawake. Ukisema ghasia, umeshasema kwamba hawakuwa na hoja. Walikuwa nayo, tena ilisikika: mfumo wa machifu wa hati ulivunjwa miaka michache baadaye.

"Shaba zile hazikufuliwa na wao." Mwishoni mwa miaka ya 1930, Isaiah Anozie alikuwa akichimba kisima cha kuhifadhia maji uani kwake, Igbo-Ukwu, akakutana na vyombo vya shaba. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw alikuja kuchimba mwaka 1959. Kuna mtungi mmoja umevishwa wavu wa kamba, mafundo yote yanahesabika, na kamba yenyewe ni shaba. Vipimo viliuelekeza utamaduni huo karne ya 9, na wapo waliokataa kata kata: mapema mno, ustadi huo lazima umetoka nje. Uchunguzi wa madini ukaonyesha chanzo kiko Nigeria hapo hapo. Shanga zilizopatikana hapo, zaidi ya 160,000, baadhi zilitoka mbali kweli, lakini hiyo ni biashara. Wenyeji wa pwani yetu wanaujua wimbo huu. Nani hajaambiwa Kilwa ilijengwa na wageni watupu?

"Nyumba zao za miungu wamezitelekeza." Hapa pana mbari ya eneo la Owerri, nyumba ya udongo iliyofinyangwa kwa ajili ya Ala, mungu wa kike wa ardhi. Ilipokamilika iliachwa ianguke, kwa sababu sadaka ilikuwa kule kuijenga. Mgeni aliona magofu, akahukumu uvivu. Angechungulia ndani, miongoni mwa sanamu angejikuta: mzungu wa udongo, kofia ngumu kichwani, akichomoza kutoka kwenye shimo ardhini.