Je, wajua kwa nini kuba la Expo 67 linang'aa kwenye postikadi, halafu leo limebaki mifupa?

Ukipata postikadi ya zamani ya Montreal, Kanada, ile ya maonyesho ya dunia ya 1967 (ndiyo Expo 67), kuna uwezekano mkubwa ukaona kuba kubwa linang'aa kama povu la sabuni na katreni kadogo ka reli moja kanapenya ubavuni kanatokea upande wa pili. Hilo lilikuwa banda la Marekani. Sasa tafuta picha ya leo ya hapo hapo, kisiwa cha Sainte-Hélène, utakuta mabomba matupu, upepo unapita, theluji inaingia tu. Ukiangalia haraka utasema limetelekezwa. Hapana, liliungua.

Aliyelibuni ni Buckminster Fuller, mzee aliyekomaa na wazo moja miaka na miaka: ukitaka kufunika eneo kubwa kwa vifaa vichache, jenga mfano wa mpira, na huo mpira uunde kwa pembetatu. Kwa nini pembetatu? Chukua vijiti vinne ufunge kwa kamba upate mraba, halafu sukuma kona moja, mraba unalala. Fanya hivyo hivyo na vijiti vitatu, sukuma mpaka uchoke, haulali mpaka kijiti kivunjike. Fundi yeyote wa kenchi anajua hii kitu hata kama hajawahi kumsikia Fuller. Na umbo la mpira nalo lina faida yake, ukiongeza upana mara mbili ganda linakuwa mara nne lakini nafasi ya ndani inakuwa mara nane, yaani kadiri unavyolikuza ndivyo unavyopata ndani kubwa kwa ganda dogo. Ndio maana waliweza kufika mita 76 kwa upana na kama 62 kwenda juu, bila nguzo hata moja ya kubeba kuba.

Kwa hiyo kazi yote ya kubeba ilikuwa ya mabomba ya chuma. Kile kinachong'aa kwenye postikadi ni vioo vya plastiki, akriliki, vilivyobandikwa kuzuia mvua na baridi, basi. Ni nguo tu. Tena nguo yenye shida, maana jua likipiga ndani panakuwa kama gari lililoachwa juani Dar saa saba mchana, ikabidi wafunge mapazia ya pembetatu yanayofunguka na kujifunga kwa kompyuta, mwaka 1967 huo! Bahati mbaya mitambo yenyewe ilikuwa inasumbua.

Maonyesho yalipoisha mji wa Montreal ukaachiwa kuba. Mei 20, 1976 mafundi walikuwa wanachomelea vyuma kwenye matengenezo, moto ukashika akriliki, na akriliki ikishaanza kuwaka huizuii. Ganda lote likaenda. Ila chuma hakilainiki kirahisi, kinahitaji moto mkali unaokaa, na huu uliimaliza plastiki ukaishiwa chakula. Kesho yake kuba lilikuwa limesimama vilevile, uchi.

Ganda halikurudishwa. Pakafungwa miaka mingi, na 1995 ndani yake pakafunguliwa makumbusho ya mazingira yanayoitwa Biosphère, yenye majengo yake yenye paa lake, kuba lipo juu kama tenga. Kwa maoni yangu hivi lilivyo ni zuri kuliko la kwenye postikadi, maana unaona kazi ya Fuller yenyewe. Hata wanasayansi walipogundua mwaka 1985 molekuli ya kaboni yenye atomi 60 zilizojipanga kama mpira, waliipa jina lake, na mmoja wao, Harry Kroto, alikuwa ameliona kuba hili Montreal.

Kwa wanaokusanya postikadi hii inasaidia pia: kadi ikiwa haina tarehe wala muhuri, angalia kuba. Likirudisha mwanga wa anga, picha ilipigwa kabla ya Mei 1976, ukiona mawingu ya nyuma yanapita katikati ya mabomba, ni baada.